Mwangalizi Mmoja kwa Kila Nyumba

Katika nyumba ile kulikuwa na mtoto wa kuogopewa na mtoto wa kuachwa acheze. Wa kuogopewa aliitwa Unyoya, wa kuachwa acheze aliitwa Tofali. Majina hayo yalitoka kinywani mwa mtu mmoja, mwashi, ambaye kwa Tofali alikuwa baba na kwa Unyoya alikuwa mjomba, na kama ilivyo kawaida ya wapachika majina, hakufikiri mara mbili. Tofali alizaliwa mzito, akatambaa mapema, akala chochote kilichowekwa mbele yake. Siku alipoporomoka kutoka kwenye ngazi ya kazi ya baba yake aliinuka, akajipangusa matako, akauliza nani amemsukuma. Unyoya alikuwa na selimundu. Baridi kidogo, viungo vinamuuma. Mbio kidogo, anahema. Damu yake ilikuwa habari ya nyumba nzima: imepanda, imeshuka, inatafutwa.

Basi kila kitu mle ndani kilipangwa kwa kumwangalia Unyoya. Blanketi zito lilikuwa la Unyoya. Ini likipikwa, kipande cha kwanza cha Unyoya. Dirisha lilifunguliwa au kufungwa kwa kumuuliza Unyoya, naye alikuwa mtoto mpole, asiyejua kwamba anatawala. Tofali aliyajua hayo tangu alipopata akili ya kujua mambo, na hakununa, maana naye alishaamini kwamba ameumbwa kwa kitu kingine. "Mimi siumwi," aliwaambia watoto wa jirani, kwa majivuno ya mtu anayetaja cheo chake.

Mama yake Tofali alikuwa msusi. Alikuwa na kibanda kando ya barabara, kiti kimoja, kioo chenye ufa, na mikono ambayo wanawake walikubali kuipangia foleni. Kibandani alikuwa na maneno ya kuwavunja watu mbavu. Nyumbani alikuwa na maneno machache, kwa sababu nyumbani alikuwa mke aliyeolewa kwenye mji wa watu, na wenye mji walikuwa mama mkwe wake na wifi yake. Wifi huyo ndiye mama yake Unyoya. Alirudi kwao baada ya mumewe kuchoka na hospitali, akaja na Unyoya mkononi na mwingine tumboni.

Msisikie wifi mkadhani walikuwa wakitoana macho. Walicheka pamoja, waliazimana viatu, waliwasengenya majirani kwa ushirikiano wa hali ya juu. Lakini kati yao palikuwa na mvua. Siku moja msusi alitoka na watoto wote wawili, akaenda kumsuka mteja nyumbani kwake, na wakati wa kurudi mbingu ikafunguka. Sweta lilikuwa moja. Alimvisha Unyoya, akambeba mgongoni, Tofali akakimbia kando yao akipiga madimbwi mateke. Kesho yake Unyoya alilazwa kwa maumivu ya mifupa. Hakuna aliyegomba. Wifi alikaa kwenye benchi la hospitali, akatazama sakafu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Angekuwa wako, ungemwacha alowe?"

Kuna maneno ambayo mtu akiyajibu tu, ameshakiri kosa. Msusi angeweza kusema kwamba wake ndiye aliyelowa mpaka kwenye mfupa. Ila sentensi ile ilihamia ndani yake, ikapata chumba, ikakaa. Tangu siku hiyo akawa anamlea Unyoya mbele ya macho ya watu hata pale ambapo hapakuwa na mtu. Sahani ya Unyoya kwanza. Kikohozi cha Unyoya kwanza. Akimnunulia wake peremende, anamnunulia na mwenzake, na ya mwenzake anaitoa mwanzo, ionekane. Aliapa kwamba hatampa mtu yeyote nafasi ya kumwambia tena neno lile.

Ndipo korona ikaingia. Mwashi alianza kukohoa, wakubwa wakafuata, wakajifukiza, wakalalamika, wakapona. Unyoya alipopandisha homa hapakuwa na majadiliano. Walikimbia naye hospitali. Tofali alichukuliwa kwa sababu tu naye alikuwa na mafua na hapakuwa na mtu wa kubaki naye. Wote wawili walikutwa nayo. Unyoya alilazwa kwa ajili ya selimundu. Tofali alilazwa kwa sababu homa yake ilikuwa haishuki na daktari aliposikiliza kifua chake alisema kuna mkwaruzo asioupenda.

Hospitali ilikuwa na sheria, na askari wa getini alikuwa akiisema kabla hata hujasalimia: mwangalizi mmoja kwa kila nyumba, akiingia hatoki, akitoka harudi. Wifi alikuwa na mtoto wa kunyonya, na vichanga havikuruhusiwa kuvuka geti. Mama mkwe alikuwa mtu mzima, kifua chenyewe cha kubembeleza. Mwashi alikuwa na kazi ya watu ya kumalizia. Kwa hiyo macho yote yakamgeukia msusi, ambaye tayari alikuwa ameshabeba begi.

"Unaingia na wawili," mama mkwe alimwambia. "Utoke na wawili."

Wifi alimvuta pembeni, akamshika kifundo cha mkono. Alikuwa amelia usiku kucha, uso umemvimba. "Wifi, mimi sina la kusema. Naomba kitu kimoja tu. Usinibagulie mtoto."

"Nikubagulie vipi?" msusi aliuliza.

"Naomba tu."

Akaingia nalo hilo. Wengine waliingia na chupa za chai na mashuka. Yeye aliingia na hilo.

Wodi yenyewe ilikuwa ukumbi mrefu, madirisha yote wazi kwa amri, hata upepo ukipeperusha mashuka. Sakafu ilinuka klorini. Karibu na meza ya wauguzi vilipangwa vitanda vya wanaohitaji mitungi ya oksijeni, na kadiri ulivyokwenda upande wa mlangoni ndivyo watoto walivyozidi kuwa wazima, mpaka kwenye vitanda vya mwisho ambako walikuwa wakirushiana mito na kufokewa. Unyoya aliwekwa kando ya meza. Tofali alipewa kitanda cha mkabala, ng'ambo ya njia, kwa hisani ya muuguzi ambaye hakutaka kuwatenganisha ndugu. Kiti cha plastiki kilikuwa kimoja. Msusi alikiweka kwa Unyoya.

Daktari wa wodi alikuwa dada mdogo mwenye alama za barakoa mashavuni, anayeongea kama mtu ambaye hajaketi tangu jana.

"Nikueleze ukweli wangu, mama," alisema. "Ugonjwa huu kwa watoto haueleweki sawasawa. Wengi unaowaona humu watarudi nyumbani wakidai kucheza. Wachache watahitaji hewa. Wachache zaidi, wachache sana, watatutoa jasho. Wenye maradhi mengine tunawawekea macho zaidi, kama huyu wako mwembamba. Lakini simpi ahadi yeyote. Nimeshaona mgonjwa wa siku nyingi akipita vizuri, na nimeshaona mzima akizidiwa. Ukiona mtoto anahema harakaharaka, mbavu zinaingia ndani, anakataa chakula, au anasinzia saa ambazo si za kulala, niite. Niite hata kama unadhani unanisumbua."

Msusi aliyarudia maneno hayo kichwani kama anavyorudia oda ya mteja. Kuhema, mbavu, chakula, usingizi. Aliyashika yote, hakudondosha hata moja. Kisha akageuza kiti, akaanza kuyatafuta kwa Unyoya.

Kitanda cha jirani kilikuwa na mapacha na baba yao, mwanamume mnene ambaye mkewe alikuwa kalazwa kwenye jengo la wakubwa. Pacha mmoja alikuwa kwenye oksijeni, macho yamelegea. Mwingine alikuwa akipanda kwenye vyuma vya kitanda akitaka kujua mtungi unafunguliwaje. "Tumbo moja, ziwa moja, bakuli moja," Baba Mapacha alisema. "Na huyu ndiye aliyezaliwa mkubwa, huyu aliyelala. Nimewauliza wenyewe inakuwaje, wananitazama tu." Alicheka, halafu akakiangalia kidude cha kupima hewa kilichobana kidole cha mwanawe, na kicheko kikakauka.

Siku za mwanzo Unyoya alimtoa msusi roho. Alihema kwa shida, aliwekewa mpira wa oksijeni puani na dripu mkononi, akalia kwamba miguu inamuuma. Msusi alimkanda miguu mpaka vidole vyake mwenyewe, vidole vya kazi, vikafa ganzi. Hakufumba jicho. Wifi alipiga simu asubuhi, mchana na jioni, na kati ya hapo. Amekula? Amekunywa? Nionyeshe uso. Mbona midomo imekauka? Msusi alijibu yote, akasogeza simu, akaonyesha. Mara chache wifi alimalizia, "Na Tofali?" Msusi alijibu, "Huyo hana neno."

Na kweli, mwanzoni hakuwa na neno. Tofali alikohoa kidogo, akapandisha homa jioni na kuamka bila homa asubuhi, akaanza kuzunguka wodini akiwapa watoto wenzake majina. Mmoja alimwita Kifuniko. Mwingine Bomba. Baba Mapacha alimwita Gunia, mbele ya uso wake, na mzee wa watu akacheka mpaka akashika kitanda. Muuguzi alimfokea arudi kitandani. Tofali alirudi, akamwita muuguzi Filimbi.

Halafu kukawa na siku ambayo alikaa tu. Msusi aliiona, mtu asiseme hakuiona. Aliona mtoto amekaa kitandani, miguu imening'inia, hamwiti mtu jina. Alijisemea kwamba hatimaye amejifunza adabu. Ulipoletwa uji, Tofali aliunusa, akausukuma upande wa mama yake. "Mpe Unyoya," alisema.

Msusi alijisikia fahari. Hapa ndipo penye uchungu wote, na hakuna namna ya kupapaka sukari. Mtoto alikataa chakula, dalili ileile aliyotajiwa na kuikariri, na mama mtu alisikia ukarimu. Alimpelekea Unyoya bakuli la pili, na wifi alipopiga simu alimwambia kwa sauti ya kutosha wodi nzima isikie, "Tofali kampa mwenzake uji wake. Nimewalea hawa, wifi, usione hivi." Wifi akashukuru, akalia kidogo. Msusi alikata simu akiwa mwepesi kuliko alivyokuwa kwa miezi mingi.

Kesho yake asubuhi daktari alimwondolea Unyoya mpira wa puani. Alimsikiliza kifua, akasoma kile kidude cha kidoleni, akasema huyu sasa anapanda, anapanda vizuri. Akavuka njia, akamsikiliza na Tofali. Homa imerudi kidogo, alisema, tutampima damu mchana, mwangalie. Msusi aliitikia ndiyo. Lakini masikio yake yalikuwa bado upande wa pili, kwenye neno "anapanda", na tayari alikuwa akitafuta simu.

Nyumbani kukawa na shangwe. Wifi alisema mchana watakusanyika wote, mama, mwashi, yeye na kichanga, wapige simu ya picha wamwone Unyoya. Msusi alimtazama yule mtoto. Nywele zilikuwa zimesimama kila upande, zimejaa manyoya ya mto. Hapana, alijisemea, hawezi kuonekana hivi wakati mwangalizi wake ni msusi. Watasema ameachwa kama kuku anayeatamia. Akatoa kitana kwenye begi, akapanda kitandani nyuma ya Unyoya, akampachika katikati ya mapaja yake, akaanza.

Ilikuwa kazi nzuri. Mistari myembamba, iliyonyooka, ya kwenda nyuma, kazi ambayo kibandani angemkalisha mtu kutwa. Wauguzi walipita wakasifu. Mama mmoja wa vitanda vya mlangoni alikuja kuuliza kibanda kiko wapi. Msusi alichangamka, ulimi wake wa kibandani ukamrudia, akaanza kumtania Unyoya kwamba akitoka hapa watamwoa papo hapo getini, na askari ndiye atakayekuwa wa kwanza kupeleka posa.

"Mama," Tofali aliita kutoka ng'ambo. "Na mimi nisuke."

"Wewe kesho."

"Moyo wangu unakimbia."

"Unakimbia kwa sababu unataka kucheza. Tulia. Leo ya mgonjwa, kesho yako."

Tofali hakubisha. Angekuwa yule wa siku zote angebisha, angeshuka, angekuja kumvuta mama yake nguo. Alijilaza, akageukia ukutani.

Baba Mapacha aliinua kichwa. "Yule mwingine vipi leo? Tangu asubuhi hajaniita Gunia."

"Kachoka," msusi alisema, kitana kikiwa mdomoni. "Huyo ni tofali, baba. Mwache apoe."

Simu ikaita. Nyuso za nyumbani zikajaa kwenye kioo, zikisukumana. Mama mkwe alipiga vigelegele, wifi akaziba mdomo. "Ona kichwa," alisema. "Jamani, ona kichwa cha mwanangu." Msusi alisogeza simu kulia, akasogeza kushoto, akaonyesha mistari, akaonyesha mkono usio na dripu.

"Tofali yuko wapi?" mwashi aliuliza kutoka nyuma yao.

Msusi aliielekeza simu ng'ambo. Ulionekana mgongo mdogo na shuka. "Amelala."

"Mchana huu? Tofali?"

"Kachoka na hospitali."

"Mwache alale," mama mkwe alisema. "Hebu nirudishie mjukuu wangu nimwone."

Simu ilirudishwa kwa Unyoya. Muuguzi aliyeitwa Filimbi alikuja kumtoa Tofali damu wakati mazungumzo bado yanaendelea. Alimgusa bega, akamgusa tena, akamgeuza. Alibana kidude kwenye kidole, akasubiri, akakihamishia kidole kingine. Alimnyanyua Tofali mzimamzima mikononi, mzito vile, akaanza kukimbia naye kuelekea chumba cha mahututi, akimwita daktari kwa jina.

Msusi aliruka kutoka kitandani. Simu ilianguka kwenye shuka, nyumba nzima ikiwa bado ndani yake inazungumza.

Chumba cha mahututi kilikuwa na mlango wenye kioo, na alizuiliwa hapo kwenye kioo. Aliona migongo ya watu wenye majoho ya plastiki. Aliona unyayo mmoja wa mwanawe, umetokeza kati ya mgongo na mgongo, na akagundua kwamba hajui tangu lini unyayo ule ulikuwa umevimba hivyo. Angekuwa Unyoya, angejua. Miguu ya Unyoya aliijua yote, kidole kwa kidole.

Mama wa vitanda vya mlangoni alimletea simu yake, akamkabidhi kwa mikono miwili na kuondoka haraka. Ilikuwa inaita. Akapokea kwa sababu ya mazoea.

"Wifi, umekwenda wapi?" sauti ilisema. "Unyoya yuko peke yake, analia. Anasema umemwacha."

Msusi alikata. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumkatia simu wifi yake, na ilikuwa rahisi sana.

Daktari alitoka mara moja, akaeleza kwa kifupi. Mapafu hayakuwa mabaya kiasi hicho. Ni moyo. Kwa watoto wachache ugonjwa huu unaushika moyo, unavimba, unashindwa kusukuma, na unaweza kumpata mtoto ambaye juzi alikuwa akikimbia. Wanafanya wanachoweza. Akarudi ndani. Alipotoka mara ya pili hakueleza kwa kifupi wala kwa kirefu. Alivua barakoa, jambo ambalo halikuruhusiwa pale, akasimama mbele ya msusi na uso wake mtupu.

Tofali alikuwa amefariki.

Msusi hakuanguka wala hakupiga kelele. Aliuliza. "Jana alikataa uji. Ningekuita jana?"

"Mama..."

"Nijibu tu. Ningekuita jana, angepona?"

Daktari alifikiri, na huo ulikuwa uungwana, maana angeweza kumpa jibu la haraka. "Labda," alisema. "Labda ingekuwa vilevile. Na mimi asubuhi nilimsikiliza, sikusikia cha kunikimbiza. Sijui, mama. Kweli sijui."

Msusi alitaka kusamehewa au kuhukumiwa, chochote kati ya hivyo angekipokea. "Labda" hakujua aliweke wapi. Atakuwa anaamka nalo na kulala nalo, na hakuna daktari atakayekuja kulichukua.

Ikabaki sheria ya geti. Mwili ungetolewa kwa mlango wa nyuma, na mwashi na watu wachache wangezika. Msusi akitoka kwenda kuzika, harudi, na Unyoya alikuwa bado hajaruhusiwa. Muuguzi alimuuliza kwa upole, nani atabaki na mtoto? Msusi alipiga simu nyumbani. Alisikia kilio, halafu vishindo, halafu simu ikapita mkono kwa mkono mpaka kwa mama mkwe.

"Mkwe wangu," mama mkwe alisema, na sauti yake ilikuwa imekwisha kabisa. "Najua ninachokuomba. Huyo wa pili naye usimwache."

Basi Tofali alizikwa na baba yake, mwashi, ambaye alisawazisha udongo kwa mikono yake kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoijua, na mama yake alikuwa wodini akimpa mtoto wa mwenzake dawa ya mchana. Kitanda cha ng'ambo kilipigwa klorini, kikatandikwa shuka jipya, akalazwa mtoto mwingine. Pacha aliyekuwa na oksijeni alivuliwa mpira, akaanza kupanda vyuma pamoja na ndugu yake. Baba yao hakutania tena. Kila chai ilipokuja alimpelekea msusi kikombe, akakiweka chini karibu na kiti, akarudi kwake.

"Mama Tofali," Unyoya aliita, kama nyumba nzima ilivyozoea kumwita. "Tofali atarudi kitanda gani?"

"Kunywa dawa," msusi alisema.

Alimtunza. Mtu akitafuta kosa hapo hatalipata. Alimwogesha, alimkanda, alimpima joto kwa kiganja, alimlisha mpaka kijiko cha mwisho. Lakini alifanya yote bila kumtazama usoni, na Unyoya, mtoto mpole, aliacha kumsemesha, akawa anafungua mdomo tu kijiko kinapofika.

Walipotoka nyumba ilikuwa bado imejaa watu wa msiba, wameachiana nafasi uani kwa ajili ya ugonjwa. Msusi alikaribishwa kwenye mkeka. Unyoya alikaa mapajani pake kwa kuwa hakuna aliyemwelekeza pengine, na watu walimtazama jinsi alivyonawiri, wakatikisa vichwa. Mama mkwe alisimama akawaeleza. Alisema Mungu ana mambo yake, aliyekuwa akiogopewa ndiye aliyerudi na aliyekuwa akitegemewa ndiye aliyekwenda. Alisema mengi, na mwisho akamnyooshea mkono msusi. "Nataka mjue jambo moja," alisema. "Huyu mwanamke hakubagua. Wake amekufa yeye akiwa anamhudumia wa mwenzake. Nani kati yenu angeweza? Hakubagua."

Watu waliguna kwa heshima. Mama mmoja alifuta machozi, akasema wanawake wa namna hiyo siku hizi hawapatikani. Mwashi alikuwa ameegemea ukuta wa mwisho wa uwanja, anaukwangua kwa ukucha, hajainua uso tangu mkewe aingie. Msusi alisikia sifa zile moja baada ya nyingine. Ndizo hizo alizokuwa akizitafuta tangu siku ya mvua, na sasa zimekuja zote kwa pamoja, hadharani, mbele ya mashahidi.

Wifi alitoka chumbani na kichanga begani. Alimpa mtu kichanga, akatembea mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti. Hakuwa akijifanya, alikuwa amekonda. Alimshika msusi mikono yote miwili, ile mikono ya kazi, akaiweka kwenye paji lake la uso.

"Wifi yangu," alisema. "Nisamehe kwa yote niliyowahi kukuambia. Umemtunza mwanangu kama wako."

Msusi alimtazama. Hakuwa na hasira naye, na hilo lilimshangaza, kwa kuwa hasira ingekuwa na joto kidogo.

"Hapana," alisema. "Wangu sikumtunza hivyo."

Akaitoa mikono yake taratibu. Akamnyanyua Unyoya kutoka mapajani, akamweka kwa mama yake, akainuka kwenda kusimama ukutani alikokuwa mumewe.